Kampasi Yenye Ngitili: Mhadhara wa Wazi, Shinyanga



Mada niliyopewa ni namna ya kuyarudisha mazingira ya asili katika sehemu za kusomea za vyuo vikuu. Vitabu vingi vya mada hii vimeandikiwa miji ya nchi za baridi, na huanza na maua ya kwenye vyungu na kuta zilizooteshwa majani. Mimi naanza na Shinyanga, kwa kuwa hapa upo ushahidi ambao miji hiyo haina. Mkoa huu ulikata miti yake kwa makusudi, ukaitwa jangwa, kisha ukaipata tena, na sehemu kubwa ya miti hiyo hakuna aliyeipanda.

Katika miaka ya 1920 Charles Swynnerton, ofisa wa wanyamapori wa serikali ya Tanganyika, alianzisha hapa majaribio ya kupambana na mbung'o. Dawa iliyopatikana ilikuwa shoka na moto. Watemi waliwaita watu wao kwa maelfu, vichaka vikafyekwa, mbung'o akakosa pa kujificha, ng'ombe wakapona. Siwezi kumlaumu mtu aliyetaka mifugo yake iishi. Lakini shoka halikuwekwa chini. Ikaja pamba, upande wa Kahama ikaja tumbaku, mifugo ikaongezeka, na mwaka 1974 na 1975 Operesheni Vijiji ikawahamisha watu kutoka kwenye makazi yao ya zamani. Ngitili zao wakaziacha nyuma, na kitu kisicho na mwenyewe wala mlinzi kililiwa na kila aliyepita. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alifika huku, na ndipo mkoa ukapata lile jina la jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ikaanzishwa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina moja tu, HASHI.

Wanafunzi mliotoka mikoa mingine huenda hamjaiona ngitili. Mfugaji wa Kisukuma huchagua kipande cha ardhi na kukifunga mvua zinapoanza. Ng'ombe hawaingii tena. Nyasi zinapanda hadi kiunoni, zinatoa mbegu, zinakauka zikiwa zimesimama. Kiangazi kinapokaza, malisho ya nje yakiwa yamebaki vumbi, mwenye ngitili hufungua kwa kipimo: kwanza ndama, ng'ombe wagonjwa na waliozeeka, na maksai wanaosubiriwa na jembe mvua zikirudi. Ipo ngitili ya kaya na ipo ya kijiji, na sheria yake hutungwa na dagashida, yaani mkutano wa jadi wa wanaume wa eneo, na kusimamiwa na sungusungu. Anayeingiza mifugo kabla ya wakati hutozwa faini.

HASHI ilianza kwa vitalu na miche, na miche mingi ilikuwa ya kigeni. Baadaye wataalamu wake, wakishirikiana na watafiti wa kilimo-mseto wa ICRAF, walikubali jambo ambalo wazee walikuwa wakilijua: chini ya ardhi ile iliyoonekana tupu mizizi ilikuwa hai. Kisiki cha mgunga kilicholiwa na mbuzi kila mwaka kwa miaka ishirini bado kinatoa machipukizi kila mvua ikinyesha. Kikipumzishwa misimu mitatu minne kinakuwa kichaka, kisha mti. Mwaka 1986 ngitili zilizokuwa zinajulikana zilifikia kama hekta 600 tu. Mradi ulipomalizika mwaka 2004, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimefungwa katika vijiji 833 vya Shinyanga ya wakati ule, iliyokuwa na Maswa, Meatu, Bariadi na hata Bukombe ambayo leo iko Geita. Ndege wakarudi, aina 145 zikaorodheshwa. Tathmini ya mwaka 2005 ilikadiria kwamba ngitili zilimpatia mtu mmoja faida ya dola 14 za Marekani kwa mwezi, kwa kuni, malisho, dawa, asali, matunda na nyasi za kuezekea. Fedha hiyo ilizidi wastani wa matumizi ya mtu wa kijijini kwa mwezi.

Sasa tazameni tunavyojenga vyuo katika mkoa huu huu. Siku ya kwanza ya mradi linaingia katapila. Kiwanja husafishwa, ndivyo mikataba inavyoandika, kusafisha kiwanja, ingawa kinachoondolewa ni mikwaju, ming'ong'o, migunga na visiki vyote tulivyovisema. Majengo yanasimama. Fedha zikibaki, panatandazwa pevingi na ukoka wa kumwagiliwa kila jioni mahali ambapo mwananchi wa jirani ananunua maji kwa ndoo. Siku ya ufunguzi mgeni rasmi anapanda mti wa mapambo. Katika bajeti nzima, mazingira ya asili ni kifungu cha mwisho, na ndicho cha kwanza kukatwa.

Nadhani chanzo cha tabia hii kiko nyuma zaidi ya vyuo. Mtoto wa Kitanzania anakutana na mimea ya shuleni akiwa na fyekeo mkononi. Uwanja lazima ufagiwe mpaka ardhi ing'ae, nyasi ni uchafu, majani makavu ni uchafu. Akichelewa namba anapewa eneo la kufyeka. Akifanya kosa kubwa anapewa kisiki aking'oe, na anaweza kukichimba siku tatu. Fimbo anayochapwa nayo imekatwa kwenye mti wa shule. Kijana huyo anafika chuo kikuu akiwa na miaka ishirini, na sisi tunashangaa kwamba haoni kitu anapopita chini ya mninga. Naomba walimu wa shule mliomo humu mlifikirie hili kwa uzito. Kung'oa kisiki kumefundisha vizazi vyetu somo ambalo halimo katika mtaala wowote.

Lipo pia jeraha la kusomea chini ya mti. Kwa mzazi wa Kahama au Geita, darasa chini ya mwembe ni alama ya umaskini, na ana haki. Wazazi walibeba mawe na mchanga vichwani, hasa tangu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulipoanza mwaka 2002, ili watoto watoke chini ya miti waingie ndani ya kuta. Anayesimama mbele yao leo na kusema miti irudi chuoni lazima awaeleze kwamba hawarudishi kule. Mtoto aliyekaa kwenye jiwe chini ya mwembe hakuwa na pengine pa kwenda mvua iliponyesha. Mwanafunzi ninayemzungumzia ana ukumbi mzuri, ana maktaba, ana maabara, na nje ya mlango wa ukumbi ana kivuli cha kweli.

Wanafunzi wenyewe walishachagua zamani. Nendeni kampasi yoyote kubwa ya nchi hii muwatafute saa kumi jioni: wako kwenye vimbweta. Meza ya zege, benchi za zege, mti juu yake. Pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, vimbweta chini ya miti vimesomesha watu wengi kama kumbi zenyewe. Pale ndipo swali aliloliogopa mtu mbele ya profesa linapoulizwa, ndipo aliyeelewa anamwelekeza asiyeelewa, ndipo diskasheni inapokolea hadi giza. Kimbweta ni chombo chetu cha kufundishia, na hatujakitendea haki. Katika kampasi nyingi mpya vimewekwa juu ya pevingi katikati ya jua, kwa mistari iliyonyooka, kwa sababu mchoro ulihitaji mistari. Zege likipigwa na jua tangu asubuhi, saa nane halikaliki.

Kukiweka kimbweta vizuri kunahitaji mtu asimame pale mchana na kutazama. Wakati wa diskasheni jua liko magharibi, kwa hiyo kivuli cha mti kimelala mashariki mwake. Kimbweta kikae upande huo, hatua chache kutoka kwenye shina, nje ya mizizi minene. Benchi liwe na egemeo, kwa maana mtu anasoma kwa saa tatu na si dakika kumi. Soketi ya umeme iwepo, intaneti ifike, ubao mdogo usimamishwe. Viwili vitatu vikae karibu, kimoja kiwe mbali kwa anayetaka kusoma peke yake. Vitu hivi ni vya bei ndogo, na sijaona mchoro hata mmoja wa kampasi mpya uliovizingatia vyote.

Sayansi inawaunga mkono wanafunzi. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha katika jarida la Science matokeo kutoka hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani: wagonjwa waliopasuliwa mfuko wa nyongo na kulazwa penye dirisha linaloona miti waliruhusiwa mapema na walihitaji dawa kali za maumivu mara chache kuliko wenzao waliotazama ukuta wa matofali. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha kwamba watu walikumbuka tarakimu kinyumenyume vizuri zaidi baada ya kutembea katika bustani ya miti kuliko baada ya kutembea barabara za mjini. Mwaka 2015, mjini Melbourne, wanafunzi 150 waligawanywa. Nusu walitazama kwa sekunde 40 picha ya paa lililooteshwa majani, nusu paa la zege tupu. Waliotazama majani walifanya makosa machache zaidi katika kazi iliyohitaji umakini. Watafiti Rachel na Stephen Kaplan walikwisha kutoa maelezo ya matokeo haya: umakini wa kulazimisha, ule wa kukazia macho hesabu au ibara ya sheria, huchoka, na hupumzika pale macho yanaposhikwa na kitu kisichodai juhudi, kama majani yanayotikisika au ndege anayejenga kiota.

Hapa kwetu joto linaongeza hoja ya pili. Shinyanga iko karibu nyuzi 4 kusini mwa ikweta, na mapema Oktoba jua la saa sita linapita utosini kabisa. Ingieni ukumbini saa nane mchana mwezi huo. Paa ni bati, dari ni nyembamba, madirisha ni ya alumini ya kusukuma ambayo kwa maumbile yake hufunguka nusu tu, vioo vimetiwa weusi. Mhadhiri anashindana na feni. Wanafunzi wa nyuma wamelala, na uvivu hauhusiki. Ukuta mrefu umeelekezwa magharibi kwa sababu barabara iko magharibi, na kuanzia saa tisa jua linaingia hadi safu ya katikati. Kosa hili lilifanyika siku mchoro ulipowekwa juu ya ramani, na hakuna kiyoyozi kitakacholimaliza kwa bei ambayo chuo cha umma kinaweza kuilipa.

Jengo la ukanda huu linyooke mashariki kwenda magharibi, kuta fupi ndizo zitazame jua la asubuhi na la jioni. Madirisha yafunguke yote, pande mbili zinazokabiliana, upepo upite. Paa liinuliwe juu ya dari, hewa moto itoke kabla haijashuka vichwani. Francis Kéré wa Burkina Faso aliijenga hivyo shule ya kijiji chake, Gando, mwaka 2001, na mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa kuliko zote za usanifu majengo. Kazi yake iliyo karibu nasi ni kampasi ya Startup Lions, ukingoni mwa Ziwa Turkana nchini Kenya, iliyokamilika mwaka 2021. Turkana ni kame kuliko Shinyanga. Kuta zake ni za mawe ya pale pale, na juu ya majengo inasimama minara mirefu inayovuta hewa moto itoke nje wakati hewa ya ubaridi ikiingia chini. Kéré alikitazama kichuguu akajifunza. Vichuguu vimejaa Usukuma nzima, na sisi huvivunja tupate udongo wa tofali.

Na hizo tofali nazo tuziangalie. Tanuru la tofali za kuchoma linakula kuni nyingi mno. Chuo kinachojengwa kwa tofali za kuchoma kimeteketeza miti kijijini kwa watu ili baadaye kipande miche getini. Tofali za kufungamana za udongo na saruji, zinazoshindiliwa kwa mashine na kukaushwa bila moto, zimeshafanyiwa kazi hapa nchini kwa miaka mingi, na mafundi wake wapo.

Nafika kwenye pendekezo langu. Kila kampasi ya Shinyanga, Simiyu na Geita itenge ngitili yake kabla jengo halijachorwa. Kampasi ya Kizumbi ya Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi iko hapa hapa mjini, na mradi wa HEET, ulioanza mwaka 2021 kwa mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia, unapeleka majengo ya vyuo katika mikoa mingi. Wakati wa kulisema hili ni sasa, kwa kuwa ukumbi ukisimama vibaya utasimama hivyo miaka hamsini.

Nikisema ngitili ya chuo sizungumzii bustani. Ni sehemu ya kiwanja, nashauri isipungue robo, inayofungwa na kuachwa ioteshe yenyewe visiki na mbegu ilizonazo, majengo yakipangwa kuizunguka ili kila ukumbi na kila maktaba iwe na upande unaotazama ndani yake. Njia za kwenda madarasani zipite pembeni mwake. Vimbweta vikae kwenye ukingo, kila mti mkubwa wa zamani uliobaki ukipewa vyake. Katika udongo wa mbuga, ule mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi, miti mikubwa ikae mbali na msingi wa jengo, kwani mizizi inayonyonya maji karibu na msingi huzidisha mpasuko. Ngitili ikitengwa mapema nafasi hiyo inapatikana yenyewe. Maji ya paa yaelekezwe huko. Paa la mita za mraba 600, kwa mvua ya milimita 700 kwa mwaka, hupokea lita 420,000. Theluthi ikipotea, zinabaki 280,000, ambazo leo tunaziachia mtaro upeleke barabarani.

Thamani yake kubwa iko katika masomo. Mwanafunzi wa uhasibu akadirie kwa shilingi kile kilichokadiriwa kwa dola mwaka 2005. Wa sheria asome kanuni za dagashida na aulize kwa nini zilifanikiwa mahali ambapo amri za serikali zilishindwa. Wa ushirika atazame ngitili ya kijiji kama ushirika ambao haujasajiliwa. Wazee waliomo humu waitwe kufundisha majina na matumizi ya miti, na walipwe kama wanavyolipwa wahadhiri wa muda. Nasisitiza neno kulipwa, maana tumezoea kuchukua maarifa yao kwa soda na shukrani.

Kwa Geita nina neno la peke yake. Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, mkoa ukazaliwa mwaka 2012, na kijana aliyekulia pale amefundishwa na kila anachokiona kwamba ardhi ni kitu cha kufukua. Huko Rwamgasa, Nyarugusu na Mgusu, wachimbaji wadogo wanashusha maduara, yaani mashimo, yanayoshikiliwa na matimba, na kila timba lilikuwa mti wa miombo. Kwenye mialo, yaani sehemu za kuoshea mchanga wenye dhahabu, dhahabu inakamatwa kwa zebaki, na zebaki inabaki kwenye tope. Siwalaumu wachimbaji; wanalisha familia. Nasema tu kwamba mjiolojia, mwanasheria wa madini na mhasibu wa kesho wa mkoa huo wanapaswa kusoma mahali wanapoona kila siku ardhi inavyojirudia ikiachwa, na muda inaochukua. Geita inapata mvua nyingi kuliko Shinyanga, miombo ingechipua upesi. Ningependa kampasi ya Geita iwe na ngitili, na kando yake eneo dogo lililochimbwa zamani, lipimwe mwaka hadi mwaka. Sheria ya Madini ya 2010 imeambatana na kanuni zinazoutaka mgodi uwe na mpango wa kufunga na kurekebisha ardhi. Mgodi wa Buzwagi pale Kahama, uliofunguliwa mwaka 2009, umeshafungwa, eneo lake likapangiwa kuwa ukanda maalumu wa kiuchumi. Tutahitaji watu wanaoweza kusimama juu ya ardhi ya namna hiyo na kusema kama imepona, na watu hao hawatokei katika darasa lenye dirisha linalotazama maegesho ya magari.

Onyo moja hapo hapo: asitokee mtu, kwa nia njema ya kutumia malighafi ya karibu, akajengea madarasa kwa magwangala, yaani mawe ya mabaki ya mgodi, au tope la mialo bila kupimwa maabara. Zebaki na metali nyingine nzito hazionekani kwa macho.

Yapo maswali ya haki. Nyoka: nyasi zifyekwe mita kadhaa kutoka kwenye njia na kuta, taa ziwepo, na panya wasilishwe kwa mabaki ya kantini. Mbu: ngitili kavu haizalishi mbu kama madimbwi na mitaro iliyoziba inavyozalisha. Usalama wa wasichana usiku ni swali zito kuliko hayo, na jibu langu ni kwamba njia za usiku zisipite ndani ya ngitili hata kidogo. Zipite ukingoni, zikiwa na mwanga, mlinzi na madirisha ya maktaba yanayoziona. Ng'ombe wa jirani watakuja Septemba, na ukuta wa matofali hautawazuia kama mwenye ng'ombe anaona ameonewa. Chuo kikae na kijiji, kikate nyasi kavu na kuwapa wenye ndama kwa utaratibu uliokubaliwa, serikali ya wanafunzi iwe na mjumbe kwenye kikao hicho.

Kwa wajumbe wa mabaraza ya vyuo na maofisa manunuzi mliopo, ombi langu ni la maandishi. Mkandarasi asikabidhiwe kiwanja kabla ya ramani inayoonyesha kila mti mkubwa na mpaka wa ngitili, uliowekewa uzio wa minyaa au waya. Ramani hiyo iwe kiambatisho cha mkataba. Kila mti utakaoangushwa nje ya ramani uwe na faini iliyotajwa kwa shilingi, inayokatwa kwenye malipo ya mkandarasi, na kifungu cha kusafisha kiwanja kitaje kwa mita za mraba ni wapi katapila linaruhusiwa kufika. Kazi hiyo imalizike kabla ya Novemba, mvua za kwanza zikute visiki vimefungwa.